Ramani ya Gesi ya Volkeno: Mkazi wa Mombasa Aisome Vipi?

Novemba 23, 2025, volkeno ya Hayli Gubbi katika eneo la Afar nchini Ethiopia ililipuka. Wingu la majivu na gesi lilipanda takriban kilomita 14 angani, likavuka Bahari ya Shamu hadi Yemeni na Omani, kisha likafika Pakistani na India, ambako baadhi ya safari za ndege zilifutwa. Kila mlipuko wa namna hii unapotokea, ramani za setilaiti zenye madoa mekundu na ya zambarau huanza kuzunguka kwenye simu. Si rahisi kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe kujua kama doa hilo linamhusu au halimhusu.

Gesi inayochorwa kwenye ramani hizo ni salfa dayoksaidi. Si ngeni kwa mtu yeyote: anayewasha njiti ya kiberiti na kuhisi pua ikimchoma ameshakutana nayo. Hutoka kwenye volkeno na kwenye mafuta au makaa ya mawe yenye salfa yanapochomwa. Bahari nayo ina mchango wake. Viumbe vidogo vya majini hutoa gesi nyingine yenye salfa, ambayo ni sehemu ya ile harufu ya bahari tunayoijua, na ikishapanda hewani sehemu yake hugeuka kuwa salfa dayoksaidi.

Jambo kubwa katika kuisoma ramani ni kimo. Gesi hii ikiwa chini, karibu na watu, kwa kawaida haidumu zaidi ya siku chache; mvua huiosha au hugeuka kuwa chembechembe. Ikirushwa juu sana, kwenye tabaka la stratosfia ambako mvua haifiki, hugeuka polepole kuwa matone madogo ya asidi yanayoweza kukaa mwaka mmoja au miwili yakizuia sehemu ya mwanga wa jua. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mlima Pinatubo wa Ufilipino kulipuka Juni 1991. Ulirusha kati ya tani milioni 15 na 20 za gesi hii, na joto la dunia likashuka kwa karibu nusu digrii kwa muda.

Setilaiti haivuti hewa kuipima. Inatazama mwanga wa jua unaorudi kutoka duniani. Kila gesi hunyonya aina zake za mwanga, na salfa dayoksaidi hunyonya mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Kifaa hutafuta kilichopungua, kama mwenye duka anayejua kilichouzwa kwa kuona pengo kwenye rafu. Kifaa kinachotumika sana leo ni TROPOMI, kilicho kwenye setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P. Kilirushwa Oktoba 13, 2017, na hupita juu ya kila eneo mara moja kwa siku, mwendo wa saa saba unusu mchana.

Jibu hutolewa kwa kipimo cha Dobson. Dobson moja maana yake ni kwamba gesi yote iliyo juu ya mahali fulani, kuanzia ardhini hadi mwisho wa anga, ikishushwa na kutandazwa chini, ingekuwa na unene wa sehemu moja ya mia ya milimita. Hapa ndipo wengi hupotea. Namba hiyo peke yake haisemi gesi iko kimo gani. Doa jekundu juu ya Omani linaweza kuwa kilomita 14 juu, na mtu aliye chini yake asinuse chochote.

Kinyume chake pia ni kweli, na kwa wakazi wa Mombasa bara hilo ndilo zito zaidi. Mwanga wa urujuanimno hutawanywa sana na hewa, hivyo ni kidogo tu unaofika chini na kurudi. Bahari ni nyeusi kwa mwanga huo, na mawingu ya ukanda wetu huziba yaliyo chini yake. Setilaiti huona vizuri gesi iliyo juu, na huona kwa shida iliyo chini. Tena nukta moja ya TROPOMI hufunika eneo la kilomita 5.5 kwa 3.5. Chaani, Kipevu na maji ya bandari vinaweza kumezwa na nukta moja.

Hata kule juu setilaiti zimewahi kupotoka. Vipimo vya ndege iliyobeba kifaa cha kunasa hewa kwenye anga za juu za tropiki, vilivyochapishwa 2017, vilionyesha kuwa salfa dayoksaidi ya kawaida kwenye mlango wa stratosfia, pasipo mlipuko, ilikuwa karibu mara 5 chini ya wastani ulioripotiwa na setilaiti. Ilibidi watu waende wenyewe.

Upepo nao usichanganywe. Kaskazi na kusi ni pepo za chini. Kilomita 14 juu kuna njia nyingine, na wingu la Hayli Gubbi lilisukumwa mashariki. Hata hivyo kaskazi ina mizigo yake. Mwanzoni mwa 1999, wanasayansi wa mradi wa INDOEX, waliofanyia kazi Maldivi, walipima ukungu wa moshi wa Asia Kusini uliotanda juu ya Bahari ya Hindi, mwingi wake ukiwa chini ya kilomita 3.

Kwa hiyo ramani isiyo na doa juu ya Mombasa haithibitishi kuwa hewa ya Changamwe ni safi. Hiyo hupimwa kwa vifaa vilivyowekwa chini. Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 40 kwa kila mita moja ya ujazo.

Hatua zimepigwa kwenye mafuta. Januari 2015 dizeli ya Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha sehemu 50 za salfa kwa milioni. Tangu Januari 1, 2020, mafuta ya meli yameshushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa kwa meli zenye mtambo wa kuosha moshi. Asilimia 0.5 ni sehemu 5,000 kwa milioni. Kilo kwa kilo, hiyo ni salfa mara 100 ya kikomo kilichowekwa 2015 kwa dizeli ya lori linalosubiri kontena nje ya geti.

Mwenye pumu ndiye huathirika kwanza: kifua hubana na kikohozi huanza dakika chache baada ya kuvuta gesi hii. Akihisi hivyo aondoke penye moshi, atumie dawa yake ya kuvuta, na asipopata nafuu afike kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja kesho.