Haki ya Mgeni katika Matibabu, na Hukumu ya Mfuko wa Bima ya Afya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyehamia Madina akapokewa, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Yako mambo ambayo watu huyadhani ni ya serikali peke yake, nayo yana mlango wake katika fikihi. Na mojawapo ni matibabu ya watu waliohamia katika nchi. Mtu husema: "Huyu si wa hapa, na ugonjwa wake una wenyewe." Neno hilo ni jepesi ulimini, na uzito wake ni mkubwa katika mizani. Somo hili limewekwa kubainisha ni nani mgeni anayekusudiwa, ni nini hukumu ya kumtibu, na ni ipi hukumu ya mfuko wa bima ya afya, ili Mwislamu wa pwani ajue lililo juu yake.

FASILI YA KWANZA: Wageni wa Madina walipougua

Walipohama sahaba kutoka Makka, Madina iliwapokea kwa homa. Imamu Bukhari amepokea khabari ya Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, ya kwamba Sayyidna Abubakar na Sayyidna Bilal waliugua wote wawili, naye akaenda kuwazuru, kisha akampasha Mtume khabari. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaomba Mungu awapendezeshe Madina, aitie siha, na homa yake aihamishie Juhfa.

Katika khabari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, mwenye kuhama huugua, kwa kuwa hajazoea maji wala hewa ya mahali, na nyumba yake ya kwanza haiwi nyumba bali ni kibanda. La pili, ugonjwa wa wageni ulifanywa kuwa shughuli ya mji mzima, hakusema mtu, "Nani aliyewaita?"

Na Mwenyezi Mungu amewasifu Ansari katika Sura ya Hashri, aya ya 9, kwa kuwapenda waliowahamia na kuwatanguliza mbele ya nafsi zao. Mtume aliwaunga udugu, na Saad bin Rabii akampa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, wala hakuichukua. Aliuliza soko liko wapi. Na azingatie msomaji jambo hili, kwani ndilo shina la somo: mgeni mwema hataki kubebwa, hutaka kuingizwa katika hesabu za mji, atoe kama wanavyotoa wengine na apate kama wanavyopata.

FASILI YA PILI: Magamba na majirani zake

Magamba iko katika nchi ya Mpanda, mkoa wa Katavi, magharibi ya Tanzania, mbali na bahari. Mtu wa pwani asiseme kwamba pande zile hazimhusu. Katika karne ya 19 babu zake walitoka Bagamoyo wakapita Tabora hata Ujiji, na huko bara wao ndio waliokuwa wageni. Na leo wako wafanyabiashara wenye asili ya pwani wanaofuata mpunga na mahindi huko.

Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, na watu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Wengi waliwekwa Katumba na Mishamo, katika nchi hiyo ya Mpanda, na wengine Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora. Walipewa ardhi ya msitu, wakafyeka, wakalima, wakazaa na kujukuu. Mwaka 2007 wakakhiyarishwa kurejea kwao au kuomba uraia. Wengi wakachagua kubaki. Watu kama 162,000 walikubaliwa, na kuanzia Oktoba 2014 wakaanza kugawiwa vyeti vya uraia. Basi hao ni Watanzania kwa sheria, na mwenye kuwaita wakimbizi amesema lisilo kweli.

Wengine ni wafugaji wa Kisukuma walioshuka na ng'ombe wao kutafuta malisho. Hao ni wenye nchi waliohama ndani ya nchi yao. Na kundi la tatu ni Warundi waliokimbia tangu 2015, ambao serikali iliwapeleka katika makambi ya mkoa wa Kigoma, na matibabu yao yakasimamiwa humo kambini kwa msaada wa mashirika.

Makundi haya matatu hayana sheria moja, lakini huweza kukutana katika nyumba moja. Na tuchukue mfano wa kufundishia tu: mtu wa Magamba aliyezaliwa Katumba, ana cheti cha uraia, mkewe ametoka Burundi juzi kwa ndoa, hana kitambulisho, watoto wao wanne wamezaliwa hapa, na wawili hawakuandikishwa. Mume akienda zahanati ana jina katika daftari. Mke akishikwa na uchungu usiku hana jina. Homa yao ni moja, na mbu aliyewauma ni mmoja.

FASILI YA TATU: Matibabu ni fardhi ya kifaya

Imamu Nawawi ametaja katika Minhaji, katika mlango wa jihadi, kwamba kuwaondolea watu madhara, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ni fardhi ya kifaya pale ambapo zaka na Baitul Mali hazikutosha. Ibn Hajar katika Tuhfa na Ramli katika Nihaya wameongeza katika kuyasherehesha maneno hayo kwamba ujira wa tabibu na thamani ya dawa vimo katika hukumu hiyo hiyo. Wakasema pia kuwa haki hii si ya Waislamu peke yao; ni ya kila mtu ambaye damu yake imehifadhiwa kwa ahadi na amani. Basi asiseme mtu, "Wale wengi wao ni Wakristo." Jirani ana haki ya ujirani, na Sura ya Nisaa, aya ya 36, imemtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali.

Na maana ya fardhi ya kifaya ni kwamba wakiisimamisha wa kutosha, dhambi huwaondokea waliobaki. Na wakiiacha wote, kila mwenye kujua na kuweza hupata dhambi. Mgonjwa aliyerudishwa mlangoni kwa kukosa fedha, na watu wenye uwezo wamemwona, hilo si shauri la Mungu la kusubiriwa. Hilo ni deni la watu.

FASILI YA NNE: Mfuko wa bima, asili yake na hukumu yake

Tanzania ilianza kujaribu mfuko wa afya ya jamii huko Igunga mwaka 1996. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwaka 2001 sheria ya mifuko ya jamii. Mfuko wa jamii ulipotengenezwa upya, kaya ya watu wasiozidi sita ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa iliyo nje ya Dar es Salaam. Kisha Novemba 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote katika Tanzania Bara. Na Zanzibar ikaweka mfuko wake kwa sheria ya mwaka huo huo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kaya 100 zikitoa 30,000 kila moja, hupatikana 3,000,000. Zikiugua kaya kumi, kila moja yaweza kutibiwa kwa 300,000, fedha ambayo mkulima hawezi kuitoa usiku mmoja ila kwa kuuza jembe au mbuzi. Na wakitolewa katika mfuko wageni wa kaya ishirini, mfuko hupungua kwa 600,000, na maradhi yao hubaki pale pale kijijini. Kifua kikuu na kipindupindu haviulizi cheti.

Ama hukumu: Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, iliyokutana Jidda mwaka 1985, iliikataza bima ya biashara kwa ajili ya gharari, yaani kununua kisichojulikana, ikaijuzisha bima ya kusaidiana, ambayo watu huchanga kwa nia ya hisani. Na wanavyuoni wengi wa zama hizi wameuweka mfuko wa umma, usiotafuta faida, katika upande huu wa kusaidiana. Asili yake yajulikana katika Hadithi: Mtume aliwasifu watu wa Ash'ari kwamba chakula kikiwapungukia hukusanya walicho nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa.

MASUALA NA MAJIBU

Suala: Yajuzu kumwazima mgeni kadi yangu akatibiwe kwa jina langu?

Jawabu: Haijuzu. Mfuko ni amana ya watu wote, na kusema jina lisilo lako ni uwongo. Tena ni khatari, kwani tabibu ataandika damu ya mtu na maradhi ya mtu katika daftari la mwingine, na kesho atatoa dawa kwa kosa hilo. Mwenye huruma na amlipie aandikishwe kwa jina lake.

Suala: Amefikiwa na mauti wala hana kadi, afanyweje?

Jawabu: Huyu ni kama mwenye njaa ya kufa: aliye na chakula yampasa kumpa. Alipiwe atibiwe, na mlipaji akipenda aandike deni, atadai mgonjwa apatapo; na akisamehe ni bora.

Suala: Zaka yafaa kulipia bima ya mhamiaji?

Jawabu: Akiwa Mwislamu fakiri au maskini, yafaa kumpa mkononi, akaimiliki, kisha yeye mwenyewe ailipe au amwakilishe mtu. Asiye Mwislamu hupewa sadaka. Na kauli mashuhuri katika madhehebu ni kwamba zaka haihamishwi mji ilhali wenye kustahiki wapo. Lakini zaka ya biashara hutolewa mahali ilipo bidhaa mwaka utimiapo. Basi mfanyabiashara wa pwani mwenye ghala la mpunga Magamba, zaka ya mpunga ule ni ya maskini wa Magamba, wageni wao na wenyeji wao.

Suala: Sheria ya 2023 imetaja kodi ya vileo na ya michezo ya kamari miongoni mwa njia za kuwagharamia wasio na uwezo. Maskini Mwislamu atibiwe kwa fedha hiyo?

Jawabu: Dhambi ya kileo ni ya mwenye kukiuza na mwenye kukinywa. Fedha iliyochanganyika katika hazina haiwi haramu kwa fakiri asiyejua kitu maalumu kilicho haramu ndani yake. Na Nawawi katika Majmuu amemnukuu Ghazali kwamba hata mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hupelekwa katika maslahi ya watu na kwa mafakiri. Tajiri ashike uchaji kwa nafsi yake, asimlazimishe mgonjwa.

Suala: Wako waliowaingiza wageni katika mifuko yao?

Jawabu: Wako. Rwanda ilianza mwaka 2019 kuwaandikisha wakimbizi wakaao mijini katika mfuko wake wa jamii. Na sheria ya Kenya ya 2023, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inamtaja pia mkaazi asiye raia.

KHATIMA

Wazee wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wakasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Katumba na Mishamo wameshika jembe tangu siku ya tatu, na mwenye kushika jembe ana haki katika ghala. Basi mwenye kazi zake Magamba na aanze na mambo manne: amwulize jirani yake kama ana kadi, amwonyeshe ofisi ya kuwaandikisha watoto kuzaliwa kwao, amshuhudie kwa kweli atakapotakiwa shahidi, na ampunguzie mzigo wa mchango kwa kadiri ya uwezo wake. Wa pwani asiye na shughuli huko na atazame mtaa wake, kwani haukosi mgeni.

Mwenyezi Mungu awape siha wenyeji na wageni, na atujaalie kuwa Ansari wa zama zetu. Amin.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Kwa nini Abdurrahman bin Auf aliuliza soko?
2. Ni lini matibabu ya mgeni huwa dhambi ya mji mzima?
3. Zaka ya mpunga ulioko Magamba ni ya maskini wa mji gani, na kwa nini?