ELIMU YA SHERIA: Je, Baraza la Ufilisi Laweza Kuadhibu Anayedharau Amri Yake?

Baraza linapotoa amri na mhusika akaipuuza kwa makusudi, je, laweza kumwadhibu, au adhabu ni kazi ya mahakama pekee? Suala hili limezua mjadala nchini India, na lina funzo kwa kila mwananchi mwenye shauri mbele ya baraza.

Nchini humo, ufilisi wa kampuni husikilizwa na Baraza la Taifa la Sheria za Kampuni, lililoanza kazi Juni 2016. Shauri likipokelewa, baraza huamuru madai dhidi ya kampuni yasimame, ili mali isigombaniwe kiholela. Mkurugenzi akihamisha mali kinyume cha amri, wanaoumia ni wafanyakazi na wadai wengine.

Kifungu cha 425 cha Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013 kinalipa baraza hilo uwezo wa kuadhibu anayelidharau, sawa na ule wa Mahakama Kuu: kifungo kisichozidi miezi 6, faini isiyozidi rupia 2,000, au vyote viwili. Utata umo katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2016. Sheria hiyo ilirekebisha kifungu cha 424 ili kiitaje, lakini haikugusa kifungu cha 425. Wapo waliohitimisha kwamba uwezo huo haufiki kwenye mashauri ya ufilisi. Hoja ya upande wa pili ni kwamba baraza ni lile lile, na anayedharau amri yake amelidharau lenyewe. Baraza la Rufani la nchi hiyo limewahi kuamua kwamba uwezo upo. Hata hivyo, ni lazima ithibitike kuwa amri ilivunjwa kwa makusudi.

Kwa Tanzania, ufilisi wa kampuni husikilizwa na Mahakama Kuu, hivyo utata huo haujitokezi. Lakini msingi ni ule ule: uwezo wa baraza hutoka katika sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata hupatanisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Mwananchi asisubiri limwadhibu mpinzani wake. Usuluhishi ukishindikana, aombe uthibitisho wa maandishi na kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, anaweza pia kwenda huko.