Somo la Kikundi: Tununue Simu Gani?



Vikundi viwili vya hapa Nyamarambe vimeniuliza swali moja. "Madam, tununue simu gani?" Kikundi cha kwanza tayari kina pesa mkononi. Cha pili kimeahidiwa simu ya mkopo na mwenyekiti wao ameshaanza kuisifu kabla hajaiona. Nilitaka kuwajibu kwa maneno mawili nikashindwa, ndiyo maana tumelifanya kuwa somo. Lisomeni kwa sauti mkiwa mmekaa pamoja. Aliye na simu aitoe mfukoni aiweke mezani, kwa sababu tutazitumia.

KISA CHA MWEKA HAZINA

Yuko omong'ina mmoja mwenye miaka sitini na kitu. Mahali anakotoka sitasema. Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaozungushiana pesa. Kwa miaka mingi alitumia simu ndogo ya vibonyezo, ile tunayoiita kabambe au mulika mwizi. Krismasi moja mwanawe akamletea kutoka Nairobi simu kubwa ya kupapasa. Mama akafurahi, majirani wakamsifu, ile ndogo akapewa kijana anayechunga ng'ombe.

Shida ilianza siku ya pili. Vidole vya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni ni vigumu, na kioo kilikuwa hakivisikii. Maandishi yalikuwa madogo. Akiwa nje shambani, jua lilipiga kile kioo akawa haoni kitu ila uso wake mwenyewe. Ujumbe ukiingia alimwita mjukuu, "Njoo unisomee." Baadaye ikawa, "Njoo unitumie." Sasa, kutuma pesa kunataka nambari ya siri. Kabla ya Pasaka watu watatu walikuwa wanaijua: mjukuu, mwenye duka, na jirani mmoja.

Siku ya kugawa, pesa zilipungua shilingi 4,000. Hakuna aliyekubali. Akina mama waligombana mpaka wengine wakaacha kusalimiana sokoni. Niliitwa, tukakaa mara tatu chini ya mti, na mara zote tulikuwa tunatafuta mwizi. Mara ya tatu yule mama akasema, "Mwanangu, mimi sikuiba. Hii simu ndiyo ilinishinda, nikaona aibu kuirudisha." Hapo ndipo nilielewa kwamba swali la kwanza lilikuwa kwenye meza mbele yetu na sisi tulikuwa tunalipita.

Zile 4,000 hazikupatikana mpaka leo. Kikundi kilimnunulia simu ndogo yenye vibonyezo vikubwa, akabadilisha nambari ya siri mwenyewe, na pesa za kikundi zikahamishwa kwenye akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu. Hili la akaunti nalisema kwa mkazo: hata mkipata simu nzuri namna gani, pesa za watu ishirini zisilale kwenye laini ya mtu mmoja.

Kwa hiyo ukinunua simu ambayo mwenyewe hawezi kuisoma, umemlazimisha atafute macho ya mtu mwingine. Na macho hayo yataona kila kitu.

KWANZA KAZI, KISHA SIMU

Wengi wetu huanza na umbo: ni kubwa, inang'aa, ina kamera tatu. Jaribuni kugeuza. Andikeni kwenye karatasi kazi ambazo simu ilifanya wiki iliyopita. Nilipofanya hivi na kikundi kimoja cha wakulima, kazi zilitoka hivi: kupiga na kupokea simu, kutuma na kupokea pesa, kuuliza bei ya ndizi, tochi ya usiku, kusikiliza Egesa FM, na kuamka asubuhi. Tukauliza: ni gani kati ya hizi inayohitaji simu ya kupapasa? Watu walicheka. Hakuna hata moja.

Watu husahau kwamba M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilianzia kwenye simu ndogo, na mpaka leo inafanya kazi kwenye simu ndogo. Menyu iko ndani ya laini yenyewe, au unabonyeza *334# bila data yoyote. Hata kujiandikisha bima ya afya ya SHA kunawezekana kwa *147#. Tena lugha ya M-Pesa hubadilishwa kuwa Kiswahili kwenye sehemu ya akaunti yako. Nimekutana na wazee waliokuwa wakibahatisha Kiingereza kwa miaka kumi bila kuambiwa hilo. Ubaya wa njia hii ya *334# ni kwamba haisubiri. Ukichelewa kusoma inajifunga na unaanza upya. Ndiyo sababu ukubwa wa maandishi si mambo ya urembo. Anayesoma polepole kwenye herufi ndogo atafungiwa mara tatu, mara ya nne atampa mtoto simu amalizie.

Lakini sitaki mtu aseme madam amepinga simu janja. Angalieni wachongaji wa mawe kule Tabaka. Mnunuzi yuko Nairobi au ng'ambo, anataka kuona kile kiboko au kile chano kabla hajatuma pesa. Hapo kamera ni chombo cha kazi kama tezo na msasa. Mchongaji anahitaji picha inayoonyesha rangi ya jiwe vizuri, na WhatsApp ya kuituma. Kwake simu ndogo ni hasara. Ila naye achague kwa kazi yake: vumbi la jiwe ni laini kama unga, huingia kwenye tundu la chaji na spika. Kava inayofunika matundu itamsaidia kuliko kamera ya tatu. Na simu isikae kwenye benchi la kupigia msasa.

Vivyo hivyo katibu wa kikundi. Kupiga picha kurasa za kitabu cha hesabu kila mwezi ni akiba nzuri, maana vitabu hunyeshewa na panya wapo. Lakini matangazo ya mkutano yasipelekwe kwa WhatsApp peke yake. Nimeona kikundi kilichomtoza mama faini ya kutohudhuria, kumbe tangazo lilipelekwa mahali ambapo simu yake haifiki. Ujumbe mfupi wa kawaida hufika kwa wote.

MAMBO YA NDANI YA SIMU

Hapa nitapita haraka, kwa sababu muuzaji atawaambia mengi zaidi ya mnayohitaji.

Betri: kabambe hukaa siku kadhaa kwa chaji moja. Simu janja huomba chaji karibu kila siku. Kama nyumbani hakuna stima na unalipa kuchajisha sokoni, hesabu hiyo pesa kama sehemu ya bei. Ukichukua simu janja, tafuta betri inayoandikwa 5,000 mAh au zaidi.

Mtandao: sisi ni watu wa milima na mabonde. Nyumba iliyo juu hupata 4G, ile iliyo karibu na mto hupata alama mbili kwa shida. Kabla ya kununua, muombe jirani mwenye simu kama hiyo asimame mlangoni kwako ajaribu.

Nafasi: simu yenye kumbukumbu ndogo hujaa video za vikundi vya WhatsApp, halafu inakwama wakati unataka kulipa. Kwa simu janja mpya usikubali chini ya GB 32 za kuhifadhi. Na zimeni ile sehemu ya WhatsApp inayopakua video zenyewe. Inakula nafasi na data bila ruhusa yako.

Umri wa programu: hili limewaumiza watu. Kulikuwa na simu ndogo za vibonyezo zinazotumia mfumo wa KaiOS, watu wakazinunua kwa sababu zina WhatsApp. Katikati ya 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la simu hizo. Na 2025 WhatsApp iliachana na simu za Android zilizo chini ya toleo la 5. Kwa hivyo simu janja ya zamani inayouzwa rahisi, uliza ni Android ya ngapi. Muuzaji akikwambia "hiyo haina maana," mrudishie simu yake.

Na simu bandia je? Wakubwa kati yetu wanakumbuka mwisho wa Septemba 2012, serikali ilipozima simu bandia na watu wakaamka na vipande vya plastiki visivyo na mtandao. Kinga yake ni rahisi. Bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya tarakimu 15, na simu ya laini mbili huonyesha nambari mbili. Linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi. Zisipolingana, ondoka. Dai risiti pia, hata kama muuzaji ni mtu wa kwenu.

ILE YA KULIPA KIDOGO KIDOGO

Tangu Julai 2020, Safaricom na Google walipoleta mpango wa kulipa shilingi 20 kwa siku, simu za mkopo zimeenea kila soko. Zimesaidia wengi, sikatai. Lakini fanyeni hesabu kabla ya kidole gumba. Chukueni mfano huu, ni wa kwangu tu wa kujifunzia: simu ya 9,000 taslimu. Kwa mkopo unaweka 2,000, halafu 45 kila siku kwa siku 365. Mara hiyo ni 16,425. Jumlisha ile 2,000, umelipa 18,425. Simu mbili, na mkononi unayo moja.

Sasa ile 45 ukiiweka kwenye mkebe kila siku, baada ya siku 200 una 9,000 kamili. Ni miezi sita na nusu. Swali la kujiuliza ni kama kazi ya simu hiyo itakuletea faida ndani ya hiyo miezi sita na nusu. Mchongaji anaweza kusema ndiyo. Mimi nikitaka kutazama picha za harusi ya binamu, ningojee.

Kuna jambo lingine. Simu ya mkopo hujifunga usipolipa. Mweka hazina akiwa na simu ya namna hiyo, akiugua juma moja asilipe, kikundi kitajikuta hakimpati. Simu ya kazi ya kikundi isiwe ya mkopo wa mtu binafsi.

KWENYE KAUNTA YA DUKA

Atakayetumia simu ndiye aende dukani, sio mwanawe. Avae miwani anayovaa kila siku, au asivae kama hana. Kabla pesa haijatoka mfukoni, atie laini yake mwenyewe kwenye simu ile na afanye haya bila kusaidiwa. Atoke nje kwenye jua asome ujumbe mmoja mpaka mwisho. Abonyeze *144# aone salio. Aingie kwenye menyu ya M-Pesa, afuate hatua za kutuma pesa mpaka anapoulizwa nambari ya siri, hapo aghairi. Apigiwe simu na mtu aliye upande wa pili wa barabara, asikie mlio na pikipiki zikipita. Awashe tochi.

Ikiwa ni simu janja na maandishi ni madogo, msikate tamaa kwanza. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kukuza herufi, na lugha inaweza kuwekwa Kiswahili. Anayeshindwa kuandika anaweza kusema maneno kwa Kiswahili na simu ikayaandika, ingawa mara nyingine itaandika kichekesho, basi asome kabla ya kutuma. Mkishajaribu yote haya na bado anasema "nitamwomba mtoto," hiyo si simu yake.

Mwisho wa zoezi, mfundisheni jambo moja la M-Pesa: unapotuma, jina la mpokeaji hutokea na kuna sekunde chache za kusimamisha. Asiyeweza kusoma jina hilo kwa haraka hana breki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kila mtu aseme bila aibu: ni nani mwingine anayeijua nambari yako ya siri, na ilikuwaje akaijua? (Nambari yenyewe msiitaje.) Anayehitaji kuibadilisha aibadilishe leo kabla ya kwenda nyumbani, wengine wakitazama pembeni.

2. Pesa za kikundi ziko kwenye laini ya nani usiku wa leo?

3. Ni wanachama wangapi hawapati matangazo ya WhatsApp? Wahesabuni kwa kuinua mikono. Katibu aandike majina.

4. Yule mama wa kisa chetu aliona aibu kurudisha zawadi ya mwanawe. Kama angekuwa kwenye kikundi chenu, nani angemwambia nini, na wakati gani?

Kile kikundi chenye pesa mkononi, nitakuwa nanyi Alhamisi saa nane. Msinunue kabla sijafika. Mje na simu zenu za zamani, hata zile zilizovunjika kioo.