Ukumbi wa watoto jioni: tumfuateje mwakilishi wadi?

*Shule hufunga saa tisa, nami hutoka kazini magharibi. Wazazi wa mtaa wetu tunaomba ukumbi wa kijamii ufunguliwe jioni, watoto wasome na kucheza chini ya uangalizi. Mwakilishi wadi aliahidi, kisha kimya. Tufanyeje?*
*Mama S., Likoni, Mombasa*

Mama S., hofu yako ni ya haki, na kimya hicho si lazima kiwe dharau. Ahadi ya mdomo hukwama isipoingia kwenye bajeti.

Mlango mliobisha ni sahihi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti vituo vya malezi ya watoto, maktaba na michezo. Shule ya msingi ni ya serikali kuu.

Andikeni barua ya ukurasa mmoja: watoto wangapi, siku zipi, nani atasimamia, gharama kiasi gani. Wazazi watie sahihi, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kisha mwalikeni mwakilishi aje saa kumi, ajionee watoto walivyo.

Angalieni kalenda pia. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Nendeni kwenye vikao vya maoni ya umma mapema, mkiwa wengi.

Asipojibu, pelekeni ombi rasmi kwa karani wa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa haki hiyo. Mkishindwa kuliandika, tafuteni shirika la msaada wa kisheria.

Mtoto akidhuriwa, usingoje bajeti: piga 116, simu ya bure ya watoto.