Ramadhani 14: Hesabu ya boda



Leo nasema na wewe mwenye pikipiki. Katika Surat al-Qasas, Nabii Musa anafika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Anaajiriwa na mzee mmoja (wengi husema ni Nabii Shuaib, ila Qur'ani yenyewe haikumtaja jina). Kazi ni kuchunga, na kuchunga watu wa Hanang hamhitaji kuelezwa. Angalia walivyopatana: muda ni miaka 8, akifikisha 10 ni hiari yake, na mwenye mali anatamka mapema kwamba hataki kumtia uzito. Musa naye anamfanya Allah shahidi.

Sasa chukua mkataba wa boda. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000 kila siku kwa mwaka mmoja, kisha pikipiki iwe ya kijana. Mwezi wa kumi na moja unapoanza, anateleza kwenye tope, anavunjika mkono, analala nyumbani wiki tatu. Bosi anakuja kuchukua chombo, anampa mwingine. Kijana keshalipa karibu milioni 3, na hana hata karatasi! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa hadi siku 126 za ugonjwa zenye malipo ndani ya miezi 36. Huyu anaambiwa yeye si mwajiriwa, ni mwenzetu wa biashara. Haya, mbona kuvunjika ni kwake peke yake?

Kwa hiyo ukishafuturu leo, muite. Andikeni: hesabu kiasi gani, inaisha lini, matengenezo ni ya nani, akiugua siku zinasogezwa mbele. Mashahidi wawili. Aya ndefu kuliko zote, al-Baqara 282, inahusu kuandikiana deni, na hili ni deni la mwaka mzima.

Na wewe dereva, usicheke. Binti wa yule mzee alimsifu Musa kwa nguvu na uaminifu. Kumwambia bosi "leo abiria hakuna" na mfuko umejaa, huo si uaminifu.

Wenye vibarua wa vitunguu saumu, nanyi mnajijua. Aliyelima tangu asubuhi alipwe kabla ya adhana ya Magharibi, asiambiwe "subiri nikiuza". Futari ya watoto wake haisubiri gulio.

Kesho in shaa Allah: zaka ya mazao.