Jinsi darubini kubwa zinavyoishinda hewa

Tazama ukuta ulio nyuma ya jiko la makaa linalowaka. Utauona ukicheza. Ukuta haujasogea; hewa moto ndiyo inayopinda mwanga. Nyota nazo humetameta kwa sababu hiyo hiyo: mwanga wake husafiri miaka mingi ukiwa umenyooka, kisha ukatikiswa na hewa yetu mwishoni kabisa mwa safari.

Kwetu huo ni urembo wa usiku, lakini kwa wanaastronomia ni hasara kubwa. Darubini ya Keck, iliyoko mlima Maunakea huko Hawaii, ina kioo chenye upana wa mita 10. Upana huo hukusanya mwanga mwingi, ila bila marekebisho hewa huvuruga picha na kuificha karibu faida yote ya kuona vitu vidogo.

Kioo chenyewe si kipande kimoja, maana kingelemewa na uzito wake. Kimeundwa kwa vipande 36 vya pembe sita, vilivyopangwa kama sega la nyuki. Vihisi vilivyo kingoni hupima vipande hivyo, na mitambo huvirudisha mahali pake mara mbili kila sekunde. Kasi hiyo hutosha kwa uzito na joto la chuma. Kwa hewa haitoshi hata kidogo.

Mwaka 1953, Horace Babcock wa Marekani alipendekeza dawa: pima jinsi hewa ilivyoupinda mwanga wa nyota angavu, kisha badili umbo la uso wa kioo kingine kinyume chake. Kompyuta za wakati huo hazingeweza. Keck iliupata mfumo huo mwaka 1999, na kioo chake kidogo hubadilishwa umbo mamia ya mara kwa sekunde.

Na pasipokuwa na nyota angavu karibu? Wataalamu hurusha mwali wa leza hadi kilomita 90 juu, ambako atomu za sodiamu huwaka na kuwa nyota bandia. Hata hivyo leza hupanda na kushuka katika hewa ile ile, hivyo haiwezi kuonyesha picha nzima imesogea kiasi gani. Nyota halisi, hata hafifu, bado inahitajika.

Kwa kutumia Keck, Andrea Ghez na wenzake walifuatilia nyota inayozunguka kitovu cha galaksi yetu kwa miaka 16 hivi. Kilichomo humo ni kizito kama majua milioni 4: shimo jeusi. Mwaka 2020 Ghez alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Ukitaka kujua liliko, angalia kusini jioni za Julai na Agosti, kwenye kundi la nyota la Mshale. Macho yataona ukungu mweupe tu.

Sasa nchi za Ulaya zinajenga nchini Chile darubini ya mita 39, yenye vipande 798. Kioo chake cha kukabili hewa kina unene usiofika milimita 2, na nyuma yake vifaa zaidi ya 5,000 vitakisukuma na kukivuta hadi mara 1,000 kwa sekunde.