Springi za Gari: Bushi Yafaa Kutengenezwa, Jani Halifai Kuungwa

Njia za udongo za Kakamega, hasa wakati wa masika, huzichosha upesi springi za gari. Land Rover za kwanza, zilizoundwa Uingereza mwaka 1948, zilikuwa na springi za majani, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Malori mengi yangali nazo hata leo.

Miishoni mwa springi hizo mna bushi za mpira. Zikilika, gari hugonga. Fundi wa jua kali aweza kukata nyingine katika tairi kuukuu kwa gharama ndogo. Bushi hiyo na ikaze vema tunduni, isipakwe grisi, maana grisi huozesha mpira. Tena ikaguliwe mara kwa mara, kwani huisha mapema kuliko ya kiwandani.

Lakini jani lililovunjika lisichomelewe. Chuma chake kilipewa nguvu kwa kuchomwa, kuzamishwa katika mafuta, kisha kupashwa moto tena. Moto wa kuchomelea huitangua kazi hiyo, na jani hukatika tena kando ya kiungo. Na jani kuu ndilo liishikalo ekseli. Likikatika mteremkoni, gari huenda upande na abiria wake. Heri kununua jani zima lililotumika, la upana na unene ule ule. Lililovunjika apewe mhunzi, afue panga.